Ishara za Nyumbani kwa Shangazi

Ukiuliza watu nani anaendesha chuo, watakutajia mkuu wa chuo, watakutajia baraza, na wenye digrii zao watakueleza mpaka usinzie. Maneno matupu! Jengo la wanafunzi, ghorofa ya chini yote, vyumba kumi na viwili pamoja na ukumbi, liliendeshwa na mwanamke mmoja mfupi, mnene, mwenye aproni ya buluu na fagio la mpini mrefu. Wanafunzi walimwita Shangazi. Nani alianza kumwita hivyo hakuna anayekumbuka. Yeye mwenyewe alisema jina amelikubali kwa sababu shangazi ana haki ya kusema, na ya kusema alikuwa nayo tele.

Masomo ya mchana yakiisha, vyama vya wanafunzi vilipokezana vyumba, na Shangazi alipita na ndoo yake kati ya chama na chama. Aliwajua kwa takataka zao. Watu wa sataranji waliacha vifuniko vya kalamu vilivyotafunwa. "Hawa wanafikiri kwa meno," alisema. Kwaya waliacha karatasi za peremende za koo. Watu wa maigizo walimwaga unga wa kung'aa ambao ukishaingia kwenye nyufa za sakafu, ni wako mpaka mwaka kesho. Aliwagombeza wote, na wote aliwapenda. Akimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amejikunyata ngazini na simu yake, alimsimamia mbele. "Wewe, umekuja chuo au umekuja kituo cha kuchajia simu? Mlango wa tatu wanatafuta sauti ya pili. Nenda. Wakikukataa rudi uniambie mimi." Mtoto wa watu angefanya nini? Alikwenda.

Lakini Shangazi naye alikuwa na chama chake. Kila Alhamisi, saa kumi kamili, alivua aproni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaingia Chumba Namba Tisa kama mwalimu. Ndiyo, mwalimu! Kilikuwa chama cha lugha ya ishara, na wanachama walikuwa arobaini.

Kilianza hivi. Shangazi alikuwa na binti kiziwi, mtoto wake wa mwisho, ndiyo maana nyumbani walimwita Kitinda. Homa ilimtwaa masikio akiwa na miaka miwili. Alipokuwa sekondari ya bweni, kwenye shule ya viziwi, mama na mwana walikuwa wakionana kwenye simu ya picha wakati wa mapumziko ya kazi, Shangazi ameiegemeza simu dirishani, mikono inaruka. Siku moja kijana mmoja wa uhandisi, mrefu mpaka akaitwa Twiga, alisimama nyuma yake na mkoba wake begani, mdomo wazi.

"Shangazi, hiyo ni lugha ya ishara?"

"Ulidhani nafukuza nzi?"

"Tufundishe. Kila chama kipo hapa, hicho tu hakuna."

Shangazi alimwambia aende zake, yeye ana vyoo sita vinamngoja. Lakini nyumbani lile neno halikumtoka. Kitinda alikuwa na akili kali, kila muhula anashika namba ya kwanza au ya pili. Mungu akijalia, miaka mitatu baadaye angekuja chuo hikihiki. Na angemkuta nani? Maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja wa kumwambia habari za asubuhi. Angekula peke yake, angetembea peke yake, mwanawe huyu aliyemlea kwa mikono miwili. Shangazi akapiga moyo konde. Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya wanafunzi saba, jasho linamtoka, akaanza na neno "maji".

Alifundisha alichokijua. "Maji" ni kidole gumba kinachoteremka kooni. "Asante" ni kuvuta ndewe ya sikio. "Rafiki" ni kupitisha mgongo wa mkono chini ya pua. "Baba" ni kushika usukani na kuukata kulia. Wanafunzi waliandika, walichora, walijaribiana korido nzima. Mwaka wa pili wakawa ishirini, mwaka wa tatu arobaini, na wewe ukipita pale Alhamisi ungeona vijana arobaini wakizungumza kwa mikono bila haya, wakitazamana usoni kama watu. Mwenye baba mwalimu alikata usukani, mwenye baba mkulima naye alikata usukani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Barua ya Kitinda ya kukubaliwa ilipotoka, Shangazi aliibusu mbele ya mlinzi wa geti, na mlinzi naye akaipokea akaisoma mara mbili. Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameiandikia bodi kwamba chuo hakina mkalimani wa kuajiriwa, lakini kina wakalimani wa kujitolea arobaini, waliofunzwa miaka mitatu. Kwa maneno hayo ndiyo bodi ilikubali.

Basi ikafika Siku ya Vyama. Hiyo ni siku ambayo vyama vyote hupanga meza uwanjani na kuwavuta wageni mikono kama wachuuzi. Ilikuwa Jumatano, na usajili ungefungwa Ijumaa. Kitinda alikuja na mkoba mpya, pamoja na mwalimu wake wa zamani, mzee mwembamba aliyefundisha viziwi miaka ishirini na nane na aliyesema anataka kumkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Wanachama arobaini walijipanga kwa fulana nyeupe. Shangazi alisimama pembeni, roho juu, anakunja na kukunjua kitambaa cha kichwa.

Twiga, sasa mwaka wa nne na mwenyekiti, alitoka mbele. Kwa mikono yake mirefu akasema: karibu, sisi ni rafiki zako, utakunywa maji nasi, asante kwa kuja.

Mzee mwalimu alikunja uso. Akamwinamia Shangazi. "Samahani, Mama. Huyu kijana ana mafua?"

"Mafua ya nini?"

"Anajifuta pua. Sasa anavuta sikio. Wote wanavuta sikio!"

"Anamwambia asante, Mwalimu! Wewe si ndiye mtaalamu?"

Kitinda alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. Alimtazama Twiga, akawatazama wale arobaini, akamtazama mama yake. Twiga akaongeza, maana alikuwa kijana wa heshima, na alijua kwamba mume wa Shangazi, dereva wa lori, alifariki miaka sita nyuma. Alishika usukani, akaukata kulia, akaweka mkono kifuani: baba yako angefurahi leo.

Hapo Kitinda akaachia. Alicheka mpaka akashika meza, akakaa chini kwenye majani, na hukohuko chini kicheko kikageuka machozi, vyote viwili pamoja, huwezi kuvitenganisha. Baba yake! Watu asiowajua, arobaini, walikuwa wakimtaja baba yake kwa mkono wa baba yake.

Mzee mwalimu ndiye aliyeyafumbua mambo, na aliyafumbua kwa upole. "Mama, hii siyo lugha ya ishara. Lugha ya ishara ina maneno yake, ina sarufi yake, viziwi wa nchi nzima wanaelewana. Hizi mlitunga wenyewe nyumbani?"

"Ishara si ishara?" Shangazi aliuliza, lakini alishaanza kuelewa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kitinda alikaa nyumbani mpaka miaka tisa bila shule, na kwa miaka hiyo mama na mtoto walijitungia, jikoni, neno moja moja. "Rafiki" alikuwa mtoto wa jirani, ambaye kamasi zake hazikuwahi kukauka. "Asante" ilitoka kwa bibi yake, aliyekuwa akimvuta sikio asiposhukuru. Alipokwenda shule alijifunza lugha yenyewe, na kila likizo, akifika mlangoni, aliiacha nje na kurudia ile ya mama. Shangazi aliwahi kumwona akizungumza na wenzake wa shule, mikono inakwenda mbio. Alidhani ni maneno yaleyale, ila ya vijana, ya haraka. Hakuuliza. Sasa alikuwa amefundisha watoto wa watu kamasi za mtoto wa jirani kwa miaka mitatu, tena wakaziandika kwenye madaftari.

Mshauri wa wanafunzi alimwita ofisini alasiri ileile. Hakumgombeza. Bora angemgombeza. "Mama, niliandika kwenye barua arobaini. Ni mmoja tu hapa anayeweza kuzungumza na binti yako, na huyo ni wewe, na wewe hukusoma fizikia. Sioni njia. Tumwahirishe mwaka mmoja, tutafute mkalimani."

Mwaka mmoja! Shangazi aliwajua walioahirishwa mwaka mmoja. Wengi hawakurudi. Alitoka pale akaliacha fagio lake kando ya mlango, na yeyote aliyemjua angekuambia kwamba hilo lilikuwa jambo zito.

Alhamisi, saa kumi, hakwenda Chumba Namba Tisa. Alijifungia stoo, akageuza ndoo, akaikalia. Alikuwa na hakika wanamcheka, na alikuwa na hakika wana haki ya kumcheka. Mlango uligongwa.

"Shangazi, tumekusubiri robo saa." Alikuwa Twiga.

"Mnamsubiri nani? Mwalimu wa uongo? Nenda zako, mwanangu. Nimewapotezea miaka mitatu."

"Kitinda yuko mbele ubaoni na mwalimu wake. Amekataa kuanza mpaka uingie."

"Nije nikaaibike?"

"Uje ukae. Sisi wote tunaanza upya, Shangazi. Hata mimi uliyeniambia nina mkono mzuri. Inuka bwana, viti vinakwisha."

Aliingia akakaa nyuma kabisa, karibu na kabati. Chumba kilijaa. Hakukosekana hata mmoja, na wengine walikuja na wenzao. Ubaoni Kitinda alikuwa ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, yale aliyokwisha kumwandikia mshauri wa wanafunzi asubuhi: *Maneno yao siyo. Lakini mikono yao imeshafunguka, na wanajua kumtazama mtu usoni. Kwa kawaida hilo peke yake huchukua mwaka. Nipeni muhula mmoja.* Kwenye barua yenyewe mshauri alikuwa ameweka saini, na sharti: mwisho wa muhula atapima mwenyewe. Wakishindwa, Kitinda anarudi nyumbani.

Kuanzia hapo palikuwa hapashikiki. Mzee mwalimu alihamia kwa mpwa wake karibu na chuo na kufundisha Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, bila hata kuombwa, huku akilalamika kila siku juu ya mgongo wake. Kitinda alikaa darasani na wanachama wawili kushoto na kulia, mmoja anaandika, mmoja anajaribu mikono. Wakikosea aliwapiga kofi la begani. Walimwogopa na walimfuata kila mahali. Shangazi alikaa nyuma ya Chumba Namba Tisa, mwanafunzi mzito kuliko wote, vidole vimekakamaa kwa miaka ya kukamua matambara. Wiki sita zilipita akijua rangi na siku za juma, basi.

Halafu Kitinda akajiunga na mdahalo.

"Mdahalo!" Shangazi alimwambia Twiga, kwa kuwa hasira ilikuwa kubwa kuliko ishara alizonazo. "Vyama vyote hivi! Kuna kuchora, kuna picha, kuna mpira. Mtoto asiyesikia anakwenda kubishana na nani?"

"Nimemwuliza. Amesema tukiweza kutafsiri ubishi, tutaweza kutafsiri kitu chochote. Na amemwalika mshauri."

"Amemwalika wapi?"

"Ukumbini, Shangazi. Wiki ya mwisho. Hicho ndicho kipimo."

Shangazi alishika kichwa. Mambo ya kupimwa ofisini kimyakimya, mtoto anayatoa jukwaani mbele ya watu mia tatu! Alimgombeza Kitinda siku mbili kwa ishara za jikoni, na Kitinda alimjibu kwa ishara za jikoni: kula, Mama. Lala.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hoja ilikuwa kwamba kila mwanafunzi alazimishwe kujiunga na chama angalau kimoja, na Kitinda alikuwa upande wa kupinga. Twiga alisimama mstari wa mbele na kipaza sauti, akimtazama, na mzee mwalimu akiwa kiti cha pili, tayari kumnong'oneza. Mshauri alikaa na kalamu. Shangazi alisimama mlangoni, hakuweza kukaa.

Mikono ya Kitinda ilianza. Sauti ya Twiga ilifuata, kwanza ikijikwaa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi... mimi niliwahi kulazimishwa chama. Nilikuwa darasa la tano. Mkaguzi alikuwa anakuja, na mwalimu mkuu mpya alisema kila shule ya maana ina... ina..." Akamgeukia mzee. "Ina kwaya. Basi tukaundiwa kwaya. Shule ya viziwi."

Ukumbi ulicheka, kwa woga kidogo, kila mtu akimwangalia mwenzake kama inaruhusiwa. Kitinda alingoja. Aliwapa muda. Kumbe alijua kungoja!

"Tulifunga midomo na kufungua midomo wiki tatu. Mimi niliwekwa sauti ya kwanza. Nilikuwa hodari. Mkaguzi alikuja, tukaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitokwa na machozi. Akaandika kwenye ripoti kwamba kwaya ni nzuri, ila..." Twiga mwenyewe alianza kucheka, akashindwa, akajikaza. "Ila waongeze sauti."

Jamani! Ukumbi ulivunjika. Mshauri alivua miwani akajifuta macho. Kitinda akaendelea, sasa kwa kasi, akaichukua ile kwaya na kuigeuza kuwa hoja, akaeleza tofauti ya mtu aliyepangwa mstarini na mtu aliyeingia kwa miguu yake, akamtaja mpinzani wake kwa maneno aliyoyasema dakika tano nyuma na kuyachanachana kipande kwa kipande, kwa adabu, huku anatabasamu. Twiga alijikwaa mara nne, mzee akamwinua mara nne. Kalamu ya mshauri ilikuwa imelala. Kabla kura hazijahesabiwa, alimwandikia Twiga kwenye karatasi neno moja, *Abaki*, na Twiga akaliinua juu kwa mikono miwili.

Watu walishangilia. Shangazi hakushangilia. Alikuwa bado mlangoni, ambako kila mara alicheka akiwa amechelewa kuliko wenzake. Miaka ishirini na miwili amekaa na mtoto huyu. Alijua anapenda uji usio na sukari, alijua analalia ubavu wa kushoto. Hakujua kwamba ni mcheshi. Hakujua kwamba ni mbishi wa namna hii, mwenye maneno ya kujaza ukumbi. Angejuaje? Jikoni kwao palikuwa na maneno mia mbili labda, na yote ya kula, kuoga na kulala.

Ukumbi ulipopungua, Kitinda alishuka akaja, jasho usoni. Shangazi akainua mkono amwulize kama amekula, kama siku zote. Mkono ukaishia njiani. Akamshika Twiga shati.

"Mwambie anisimulie. Ile ya kwaya yote, na nyingine. Zote alizonazo. Nina muda."

Walikaa ukingoni mwa jukwaa, Twiga katikati. Kitinda alimgeukia mama yake. Hakuanza na kwaya. Mikono yake ilikwenda polepole, na Twiga aliposema, alisema chini chini.

"Anasema, siku ya kwanza ulipompeleka shule, akiwa na miaka tisa. Getini. Ulimwonyesha ishara ya kesho, ukaondoka."

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Hatukuwa na ishara ya miezi mitatu."

"Anasema, kesho yake alikaa getini tangu asubuhi. Na kesho yake tena. Mlinzi alimletea chakula palepale. Alidhani umemtupa. Alidhani ni kwa sababu hasikii."

Shangazi alitaka kusema kwamba alilia njia nzima, kwamba usiku ule hakuweza kula. Miaka kumi na mitatu mtoto alikuwa na jambo hili, akirudi kila likizo, akimsaidia vyombo, na hapakuwa na neno la kulitolea.

"Mwambie anisamehe," alisema. "Mwambie, Twiga."

Twiga alikuwa anajifuta macho kwa kiwiko. "Hapana, Shangazi. Hili mwambie mwenyewe. Tazama, mkono unakwenda hivi."

Alimwonyesha. Shangazi aliinua mkono wake mnene, mgumu, akaufanya vibaya, akaurudia, ukawa vibaya zaidi. Kitinda akamsogelea, akaushika kwa mikono yake miwili, akauweka sawa kidole kwa kidole, kisha akauachia ili mama aseme.